Moyo si bomba, na anayesema ni fundi bomba

Nimefunga mabomba Dar es Salaam kwa miaka 27, tangu enzi tunapiga thredi kwenye mabomba ya chuma kwa mkono, mafuta yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Kutu naijua. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na bomba la chuma la nusu inchi ukilikata baada ya miaka kadhaa unakuta tundu lililobaki linapitisha njiti ya kiberiti, basi. Kwa hiyo daktari wa kwanza aliponiambia, "Mzee, mshipa wa moyo wako umeziba, ni kama bomba lililoshika kutu," sikumuuliza hata swali moja. Niliitikia kama mtu anayepewa habari za nyumbani kwao.

Miezi miwili baadaye nikaacha dawa kwa sababu ya maneno hayo hayo. Lakini ngoja nianze na ngazi.

Ilikuwa kazi ya Kariakoo, jengo la ghorofa sita, lifti haijafungwa, simtanki mbili zinakwenda juu ya paa. Wiki ya pili nikaanza kusikia kitu kifuani kila nikifika ghorofa ya tatu. Watu wakiniuliza yalikuwa maumivu ya namna gani nakosa jibu, maana neno "maumivu" halikunijia kabisa. Ulikuwa uzito. Kama mtu kaniegeshea mfuko wa saruji kifuani. Nikisimama dakika mbili tatu unaondoka, nikipanda tena unarudi.

Niliona aibu mbele ya kijana wangu wa kazi. Ana miaka 22, anapanda ngazi zile na mabomba begani huku anaongea na simu. Basi nikifika ghorofa ya tatu natoa tepu, napima ukuta. Ukuta ule ule, kila siku, juu chini, kulia kushoto, mpaka pumzi irudi.

"Fundi, hapo unapima nini?"

"Kuna bomba litapita."

Hakuna bomba lililotakiwa kupita pale, na yeye alijua.

Nilikuwa na miaka 53. Sigara nilianza nikiwa na 19. Presha niliwahi kuambiwa ninayo, kwenye upimaji wa bure viwanjani, nikakunja kile kikaratasi nikaweka mfukoni, shati likafuliwa. Nikaenda duka la dawa nikaeleza kifua, nikapewa vidonge vya vidonda vya tumbo. Sisi huku ukishika kichwa ni malaria, ukishika kifua ni gesi. Nilivimeza mwezi mzima kabla ya chai. Leo nikikumbuka najicheka mwenyewe, kwa sababu dalili ilikuwa wazi kama jua la saa saba: kitu kinakuja nikipanda, kinaondoka nikisimama. Vidonda vya tumbo havihesabu ngazi.

Siku yenyewe sikuwa napanda. Ilikuwa saa nne asubuhi, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, chini kabisa, kivulini, nakunywa chai. Mfuko wa saruji ukaja na safari hii haukuondoka. Jasho likanitoka, jasho la baridi, shati likagandana na mgongo. Taya la kushoto likaanza kuuma kama jino lililooza. Mkono sikusikia kitu, na kwa kuwa nimesikia watu wakisema moyo ni mkono wa kushoto, nikajiambia hii si moyo. Nikaagiza soda ya tangawizi nicheue. Nikacheua kweli. Nikawatangazia wote kwamba gesi imetoka.

Nilikaa kwenye ile ndoo karibu saa nzima. Saa nzima nzima! Nikija kujua baadaye kwamba msuli wa moyo ukikatiwa damu unaanza kufa ndani ya nusu saa hivi, na kila dakika inayopita ni kipande kingine, ile ndoo nilitaka kuichoma moto.

Kijana ndiye aliyeninyang'anya simu akampigia binti yangu, anasomea uuguzi. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo: "Ndiyo, jasho. Hapana, anasema si kuchoma, uzito. Taya. Tangu saa nne." Kisha akaniwekea simu sikioni.

"Shikamoo baba. Usisimame. Umewahi kutapika damu? Aspirini inakudhuru?"

"Hapana."

"Mwambie akuletee aspirini ya miligramu 300. Itafune, usiimeze nzima. Halafu bajaji, usipande pikipiki."

Kutafuna ni ili iingie kwenye damu haraka. Nilitafuna, chungu kama nini sijui, na hapo ndipo woga uliponiingia, kwa sababu mwanangu huwa ananisalimia kwa kuimba na siku ile alinisalimia kama karani.

Zahanati ya kwanza tuliyoingia walinichoma sindano ya gesi, wakaniambia nijilaze. Siitaji kwa jina. Hawakuwa na kipimo cha umeme wa moyo, walinipa walichokuwa nacho. Hospitali ya pili walinibandika nyaya kifuani, ikatoka karatasi ya waridi yenye milima, na yule daktari aliyekuwa ananitania kuhusu Simba na Yanga akakatisha utani katikati ya sentensi. Nikapandishwa gari la wagonjwa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale pale Muhimbili.

Waliingilia kwenye kifundo cha mkono wa kulia, kwenye ule mshipa unaopimia mapigo. Ganzi kidogo, mimi macho kodo. Mrija mwembamba unapanda mkononi, unapita begani, unashuka mpaka unapoanzia mshipa mkuu. Kwenye skrini walipomwaga ile dawa ya kung'arisha picha niliuona mshipa wangu kama mzizi wa mhogo, unashuka vizuri, unashuka, halafu umekatika. Umeishia hewani, kama barabara iliyobebwa na mvua. Ulikuwa mshipa wa mbele wa kushoto, ambao ndio unalisha eneo kubwa la moyo kuliko mwingine. Wakapitisha waya, wakafuata na puto, wakalijaza, wakaacha pale stenti, yaani kabomba ka wavu wa chuma kalikopakwa dawa. Niliuliza kipenyo. Sikuweza kujizuia.

"Milimita 3, mzee."

Mimi bomba dogo kabisa ninaloshika ni nusu inchi, ambayo ni kama milimita 13. Nikanyamaza kwa heshima.

Binti yangu alinisomea baadaye kwamba mtu wa kwanza kufanya hivi kwa puto ni Andreas Grüntzig, Zürich, Septemba 1977, na kwamba maputo yake ya mwanzo aliyatengeneza jikoni kwake. Huyo ni fundi. Mtu anayekata vifaa vyake mwenyewe mezani pa chakula namwelewa bila mkalimani.

Basi. Nikarudi nyumbani na mfuko wa dawa aina sita. Ndugu wakaja na utani wao: fundi bomba kazibuliwa bomba. Nami nikacheka nao. Na kwa kuwa nilikuwa nimezibuliwa, mwezi wa pili ulipoisha na kazi zilikuwa chache na duka la dawa linataka hela, nikafanya hesabu ya kifundi: bomba likishazibuliwa limezibuliwa. Hakuna fundi anayemwambia mteja aendelee kumwaga dawa bombani maisha yake yote, labda awe tapeli. Nikaacha. Siku tisa.

Binti alikuja likizo, akahesabu vidonge kwenye karatasi zake. Nilijiandaa kugombezwa. Alikaa kwenye kochi akalia bila sauti, na kesho yake akanipeleka kliniki kabla ya tarehe yangu.

Daktari wa siku ile alikuwa dada mdogo tu, umri wa binti yangu wa kwanza. Nikamweleza hesabu yangu. Akaniuliza, "Mzee, nani kakwambia ni bomba?"

"Ninyi."

Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akageuza karatasi akachora. Naijaribu hapa kama nilivyoielewa.

Kutu kwenye bomba inakaa ndani, upande wa maji. Unaweza kuikwangua, unaweza kuimwagia kitu kikaila. Mafuta ya kwenye mshipa hayapo upande wa damu. Yamo ndani ya ukuta wa mshipa wenyewe, chini ya ngozi yake laini. Presha inaichokoza ile ngozi, moshi wa sigara unaichokoza, sukari inaichokoza, na lehemu, ile kolesteroli ya kwenye damu, inapenya inajificha humo. Mwili unatuma askari wake kula yale mafuta, askari wanavimbiwa wanafia mle mle, na pale panabaki uvimbe wenye uji uji ndani na ngozi juu.

Nikamkatiza. "Daktari, hiyo si kutu. Hiyo ni plasta."

"Plasta vipi?"

Nikamweleza. Nyumba nyingi za huku zimejengwa kwa mchanga wenye chumvi. Ukuta unapigwa plasta, unapakwa rangi, unapendeza. Mwaka wa pili unaona rangi imevimba kama lengelenge. Hakuna kilichodondoka, sebule ni ile ile. Siku mtoto akigusa kwa kidole, au hata hajagusa, inapasuka na ungaunga unamwagika sakafuni.

Akaniangalia. "Nitaiba huo mfano wako," akasema.

Ndiyo ilivyo, alisema. Lengelenge likipasuka ndani ya mshipa, damu inadhani umejikata. Chembe zinazogandisha damu, zile wanazoziita chembe sahani, zinakimbilia kuziba jeraha kama zinavyoziba kidole kilichokatwa na msumeno. Zinafanya kazi yao vizuri sana. Ndani ya dakika chache donge limejaa kwenye mshipa wa milimita 3, na ng'ambo ya pale hakuna damu inayopita. Nilipokuwa napanda ngazi, lengelenge lilikuwa limebana njia tu. Siku ya ndoo lilipasuka. Ni mambo mawili. Na kuna watu wengi ambao lengelenge lao halijabana kiasi cha kuwasumbua kwenye ngazi, wanacheza mpira Jumamosi, na linapasuka Jumapili. Jirani yangu wa mtaa wa pili alipima umeme wa moyo, ukatoka safi, akafurahi, na mwaka huo huo tukamzika. Kipimo kile ukiwa umetulia kinaweza kuwa kizuri kabisa. Kinasoma jinsi moyo unavyofanya kazi wakati ule, hakichungulii nyuma ya rangi.

Nikauliza na swali lililokuwa linaniuma tangu siku ya skrini. Waliona sehemu nyingine, mshipa wa kulia, imebana kama asilimia 40, wakaiacha. Mbona hamkuweka stenti na pale? Ningekuwa mteja wangu ningesema fundi kala hela. Akasema pale damu inapita vya kutosha, chuma hakitasaidia kitu. Kinachosaidia ni kuufanya ukuta mzima utulie, lengelenge lisinyae, ngozi yake iwe ngumu. Na hiyo ndiyo kazi ya vile vidonge nilivyoviacha. Stenti ilitengeneza sentimita mbili hivi. Ukuta wangu una urefu gani?

Kuhusu lehemu, mafundi wenzangu mtanielewa. Kwetu lehemu ni ile ya kuunganishia, unayeyusha inaziba kiungo. Nilipoanza kusikia madaktari wanaita mafuta ya kwenye damu lehemu nilidhani wamekosea neno. Kumbe mwili nao unaihitaji kujengea kuta za seli zake, na nyingi inatengenezwa na ini letu wenyewe, si chipsi peke yake. Ndiyo maana kuna watu wembamba kama ufito wanaugua. Kidonge changu cha usiku, atovastatini, kinakwenda kuliambia ini lipunguze kutengeneza na livute nyingine kutoka kwenye damu. Ukoo wa dawa hizi ulianzia kwa Mjapani Akira Endo, aliyepima aina kama 6,000 za kuvu mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka akapata moja. Elfu sita! Mimi nikijaribu koki tatu zikivuja natukana.

Aspirini na mwenzake klopidogreli zinazuia chembe sahani zisishikane ovyo. Stenti ikiwa bado changa, hadi ukuta umeifunika, damu inaiona kama kitu kigeni. Ukiacha vidonge hivyo mapema donge linaweza kuganda ndani ya chuma chenyewe. Siku tisa zangu zilikuwa kamari, na sikujua kama nimekaa mezani.

Kuna jingine alilonieleza ambalo nalipenda mpaka leo. Moyo umejaa damu siku nzima lakini hauinywi ile. Kama fundi anayejaza tangi la jengo zima, halafu kwake anachota kwa ndoo. Chakula chake kinakuja kupitia mishipa yake midogo iliyouzunguka kwa nje, matawi ya kwanza kabisa ya mshipa mkuu. Na unapojikaza kusukuma, unaibana mishipa hiyo wenyewe, kwa hiyo sehemu kubwa ya chakula unaipata kati ya pigo na pigo, ukilegea. Karibu mara 100,000 kwa siku unapiga, na zaidi unakula katikati. Ukipanda ngazi unapiga haraka, muda wa kula unapungua, na ndio wakati unahitaji zaidi. Ndiyo maana nina kidonge cha kuupunguzia mwendo. Nilikuwa nakilaumu kinanifanya mzito asubuhi. Sasa nakimeza naona kama nampa mtu nafasi ya kukaa ale.

Kile kidonge kidogo cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana nakibeba mfuko wa shati, ndani ya kichupa chake, hakitaki mwanga wala joto. Na hapa niseme na wanaume wenzangu waziwazi, kwa sababu daktari aliniuliza mbele ya binti yangu na nilitamani ardhi ipasuke: kidonge hiki na zile dawa za nguvu za kiume havikai pamoja. Presha inaporomoka, unaweza usiamke. Ukikimbizwa hospitali na kifua, aibu weka pembeni, sema umemeza nini.

Mama watoto ana kisukari. Daktari alisema yeye huenda asisikie mfuko wa saruji kabisa, wanawake wengi na wenye sukari dalili zao hujificha: uchovu usioeleweka, pumzi kukata, kichefuchefu, mgongo. Tangu hapo akisema "leo nimechoka tu" namtazama mara mbili, naye ananiambia niache kumchungulia kama mita ya maji.

Chumvi tumepunguza, mezani haikai tena. Supu ya kongoro ya asubuhi imekuwa ya mara moja moja na nisingependa kuulizwa mara moja moja ni mara ngapi. Sigara niliacha siku ile ile ya gari la wagonjwa. Ningependa iishie hapo, ila mwezi wa tatu nilikuta mbili zimejificha kwenye boksi la vifaa chini ya elbo, nikavuta moja nusu. Nyingine niliitia majini. Wanasema ukimaliza mwaka hatari inashuka kama nusu ya yule anayeendelea. Nina mwaka na miezi minne.

Na zile jumbe za kwenye simu, tangawizi, kitunguu swaumu na limao, chemsha, kunywa siku saba, mishipa inazibuka yote. Naletewa kila wiki, na shemeji yangu ndiye kinara. Tangawizi naipenda kwenye chai. Lakini hakuna kinachopita upande wa maji kikakwangua kitu kilichomo ndani ya ukuta, na hili nalisema kama fundi.

Kipimo cha mwisho cha picha ya moyo kilionyesha unasukuma asilimia 45 ya damu iliyomo kwa pigo. Wa kawaida ni 55 na kuendelea. Kile kipande cha saa nzima ya ndoo kimekuwa kovu, hakirudi.

Mwezi uliopita mwenye jengo la Kariakoo alinipigia, kiungo kimoja cha juu kinavuja. Kijana alikuwa amekifunga peke yake nilipokuwa wodini. Lifti sasa ipo, ila siku hiyo umeme ulikatika. Tukapanda, yeye na vifaa, mimi mikono mitupu. Ghorofa ya tatu nikasimama.

"Fundi, unapima tena?"

"Nimechoka, mwanangu."

Akashusha boksi, akaegemea ukuta ule ule, tukakaa pale kama dakika tano bila kusema kitu, akiperuzi simu yake.